Foleni ya Maji na Orodha ya Chuo

Jibu la chuo nililisomea kwenye foleni ya maji. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka 2023, saa kumi na moja alfajiri, hapa Dzaleka. Nilikuwa na ndoo mbili, na mbele yangu kulikuwa na ndoo kumi na nne. Nilijua ni kumi na nne juu kila asubuhi nazihesabu. Wenzetu walioko Nakivale, Nyarugusu au Kakuma wanaijua hesabu hiyo: kwenye maji hauhesabu watu, unahesabu ndoo. Mjigo, ndivyo tunavyoita hapa Malawi ile pampu ya mkono ya kisima, ulikuwa unalia kama kawaida yake, na simu ikatetemeka mfukoni.

Chuo chenyewe kiko Marekani. Jina lake sitalitaja. Ni kimoja kati ya vile vinavyopokea maombi maelfu kwa maelfu na kuchukua wachache, na ni kimoja kati ya vichache vinavyoweza kumlipia mwanafunzi wa kutoka nje ada, chakula na kitanda mpaka amalize. Niliomba juu matokeo yangu ya MSCE yalikuwa mazuri, na juu nilikuwa nimefika miaka ishirini na minne na nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kusema "mwakani".

Barua haikusema ndiyo. Haikusema hapana pia. Ilisema maombi yangu yalikuwa mazuri, kwamba nimewekwa kwenye orodha ya kungoja, na kama bado ninakitaka chuo, nibonyeze mahali fulani kuthibitisha. Nikabonyeza palepale. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Weye, sogeza ndoo." Nikasogeza.

Nataka kuandika juu ya ile miezi mitatu iliyofuata, lakini si kwa ajili ya kulalamika. Kuna swali lilinikamata ndani ya miezi hiyo na mpaka leo halijaniachia. Kama nafasi yako inapatikana tu pale mtu mwingine anapoikosa au anapoiacha, je, ni haki kuitamani? Na kama umeshaitamani, una deni gani kwa huyo mtu?

Kwanza nieleze orodha yenyewe inavyofanya kazi, juu wengi kwenye kituo chetu cha vijana waliponiuliza baadaye niliona hawaielewi, na hata mimi nilikuwa siielewi. Chuo cha namna hiyo kinatuma barua za "karibu" nyingi kuliko vitanda kilivyo navyo. Kinajua kwamba kati ya waliokubaliwa, wengine wamekubaliwa na vyuo vingine pia, na watakwenda huko. Waliokubaliwa wanapewa kwa kawaida mpaka tarehe 1 mwezi wa tano kujibu. Baada ya hapo chuo kinahesabu. Kama waliosema ndiyo wanatosha, orodha haiguswi. Kama hawatoshi, ndipo wanaifungua na kuita mmoja mmoja. Na mara nyingi orodha hiyo haina namba. Hakuna wa kwanza wala wa ishirini. Wanatafuta wanachokosa: labda mtu wa hesabu, labda mtu wa muziki, labda mtu ambaye hahitaji kulipiwa. Kwa sisi tunaohitaji kulipiwa kila kitu, kitanda kikipatikana bado kuna swali la mfuko.

Yaani orodha ya kungoja ni akiba ya chuo. Si ahadi kwa mwanafunzi. Kama mtu angeniambia hivyo siku ile kwenye mjigo, ningeumia, lakini ningeokoa mengi.

Sasa angalia tofauti. Kwenye foleni ya maji, mwenzangu aliye mbele akijaza ndoo yake, mimi nasogea. Kupata kwake ni hatua yangu. Ndiyo maana kwenye foleni tunasaidiana kupampu: nampampia yule wa mbele amalize haraka, na wa nyuma ananipampia mimi. Hatufanyi hivyo juu sisi ni watakatifu. Tunafanya hivyo juu faida yake na faida yangu zinatembea njia moja. Kwenye orodha ya chuo ni kinyume. Aliye mbele akijaza ndoo, mimi nabaki na ndoo tupu. Akiiacha ndoo yake na kuondoka, hapo ndipo mimi nasogea. Foleni inanifundisha kupampia mwenzangu. Orodha inanifundisha kuomba mkono wake uchoke.

Mwanzoni sikuona ubaya wowote. Watu niliokuwa nawaombea wakatae hawakuwa na sura. Nilimfikiria kijana fulani, sijui wapi, mwenye barua tano za "karibu" mezani, anachagua chuo kingine kizuri zaidi na kuniachia hiki. Yeye anafurahi, mimi nafurahi. Tamaa ya namna hiyo haimgusi mtu. Mpaka leo naamini ni safi. Kutamani nafasi ifunguke si sawa na kutamani mtu aanguke.

Lakini mmoja wao alikuwa na sura, na nilikuwa naiona kila siku.

Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja kituoni kwetu akiwa kidato cha pili, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamia saa za masomo ya jioni. Ananiita yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu kwetu Kivu. Maombi ya chuo tuliyajaza pamoja, kwenye kompyuta moja, tukipokezana umeme ukiwepo. Insha yake niliisoma mara nne. Nilimwambia afute kipande cha mwanzo na aanzie kwenye kipande cha tatu, na alifanya hivyo, na ikawa insha nzuri kuliko yangu. Chuo kile kilimwandikia alfajiri ileile. Yeye alikubaliwa.

Alikuja kituoni anakimbia. Nilimkumbatia, na nilifurahi kweli; nataka msomaji aamini hilo. Watu wanadhani wivu unakuja mahali pa furaha. Si kweli. Vinakaa pamoja kama watu wawili kwenye nyumba ya chumba kimoja, kila mmoja anajua mwenzake yupo. Alipouliza, "Na weye, yaya?" nikamjibu, "Bado sijapata jibu." Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Niliuona mdogo. Niliuita aibu, na kweli ilikuwa aibu: mtu anayewafundisha wengine kuomba, yeye mwenyewe amewekwa pembeni.

Wiki zikapita. Kila usiku nilifungua barua pepe kabla ya kulala na kabla ya kwenda kwenye maji. Bando la siku likawa linaishia hapo. Kulikuwa na masomo ya chuo ya mtandaoni yanayotolewa hapahapa kambini. Masomo ya namna hiyo yapo Dzaleka tangu 2010, na watu wengi wamepata vyeti vyao bila kuvuka mpaka. Muda wa kujiandikisha ulifika, nikauacha upite. Nilijiambia, nijiandikishe ya nini, na mimi huenda mwezi wa nane niko kwenye ndege? Ndivyo kungoja kunavyokula. Hakukuli wewe kwanza, kunakula vile vitu vingine ambavyo ungevifanya.

Halafu, siku chache kabla ya tarehe 1 mwezi wa tano, Neema akaja nyumbani jioni. Mahindi yalikuwa yanavunwa na upepo wa baridi ulikuwa umeanza. Tulikaa karibu na cherehani ya mama. Akasema mama yake hataki aende. Mama ana presha. Kuna wadogo watatu. Neema ndiye anayesimama kwenye ugawaji, ndiye anayemtafsiria mama kwa daktari, juu mama hajui Kichewa wala Kiingereza.

"Yaya," akasema, "miye nifanye nini? Uniambie ukweli. Weye hauna ubaya na mtu."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia mama ni mmoja, na presha si ugonjwa wa kuchezea. Nilimwambia safari ya mkimbizi si kama ya mwenye pasipoti. Ukishavuka, kurudi kuona wagonjwa si rahisi. Nilimwambia yeye bado mdogo, ana miaka ya kuomba tena. Nilimtajia masomo ya mtandaoni ya hapa kambini, yaleyale niliyoyadharau mimi. Nilimwambia baridi ya kule, upweke wa kule, watu tuliowasikia wamevunjika moyo kule. Nilisema kwa sauti ya upole. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema asante, akaenda.

Hakuna hata neno moja la uongo katika yale niliyomwambia. Nimeyarudia kichwani mara nyingi sana kuthibitisha. Kila neno lilikuwa kweli. Ndipo palipo na shida yote.

Sokoni kwetu maharage yanapimwa kwa kopo. Kuna wauzaji wanaobonyeza kopo kwa chini, likaingia ndani kidogo. Muuzaji wa namna hiyo hasemi uongo. Bei aliyosema ni bei ya kweli, kopo alilolijaza limejaa kweli, na wewe umeliona kwa macho yako likijaa. Lakini unafika nyumbani na maharage hayatoshi watoto. Usiku ule nilijua nimempimia Neema kwa kopo lililobonyezwa. Nilijuaje? Si kwa ndoto wala kwa sauti ya malaika. Nilijikuta nimelala chali nahesabu nguo za kubeba. Nilikuwa nachagua kati ya sweta mbili. Nikajiuliza: nani kakwambia utasafiri? Hakuna. Ni kwamba kichwa changu kilikuwa kimeshamwondoa Neema kwenye ndege na kuniweka mimi.

Na kumbuka nilivyoeleza: orodha haina namba. Neema akikataa, chuo kingeweza kumwita mtu wa Peru au wa Vietnam, au kutomwita yeyote. Nilikuwa tayari kumuuza mwenzangu kwa bei ambayo hakuna aliyeniahidi kuilipa. Wivu haujui hesabu.

Asubuhi, baada ya maji, nilikwenda kwao. Nilimwita nje, tukasimama nyuma ya nyumba. Nikamwambia: barua nilipata siku ileile kama wewe. Niko kwenye orodha ya kungoja ya chuo chako. Jana ulipokuja kuomba ushauri, mimi nilikuwa na faida kama ungekataa, na sikukuambia.

Alinyamaza muda mrefu. Mdogo wake alikuwa anaosha sufuria, tunasikia tu chuma na mchanga. Mwishoni akasema:

"Kwa hiyo yote ya jana yalikuwa uongo?"

"Hapana. Yalikuwa kweli. Ila mimi ndiye niliyeyachagua."

"Basi chagua na yale mengine."

Hiyo ndiyo hukumu ya haki kuliko zote nilizowahi kupewa. Hakunitukana. Alinidai nusu ya kopo iliyobaki. Nikakaa chini, nikamwambia na yale mengine, nayo pia yalikuwa kweli: kwamba nafasi kama hii ukiiacha hakuna anayekuhakikishia nyingine, kwamba mama yangu ana presha vilevile na anaishi nayo kwa dawa mwaka wa sita, kwamba kutafsiri kwa daktari si kazi ya damu, mtu mwingine anaweza kuifanya, hata mimi, kwamba wadogo zake watatu wakiona dada amekwenda, watakaa darasani kwa namna nyingine. Alichukua karatasi ya daftari, akachora mstari katikati, akaandika ya jana upande huu na ya leo upande huu. Akaenda nayo kwa mama yake. Mimi sikuingia.

Alijibu chuo usiku wa tarehe 30 mwezi wa nne. Kwa wiki mbili hivi baada ya hapo aliniita kwa jina langu tu, bila yaya. Nilistahili.

Nilipomsimulia mwenzangu wa kazi mambo haya, alicheka. "Ulimdanganya?" akauliza. "Hapana. Ulimzuia? Hapana. Basi tatizo liko wapi? Kila mtu humu kambini anajitafutia. Mwenye kesi ya kwenda Kanada hamuombei jirani yake atangulie." Mchungaji wetu naye alisema vingine: "Usililie nafasi ya mtu, binti yangu. Yako Mungu ameiandika, itakuja kwa wakati wake. Subira yavuta heri."

Nawaheshimu wote wawili, lakini kila mmoja kanipa jibu la nusu. Mwenzangu ana haki kwamba tamaa haina hatia. Tamaa inakuja kama njaa. Huwezi kumshtaki mtu kwa tumbo kunguruma. Anapokosea ni pale anapodhani uongo ni maneno tu. Mtu akikuomba ushauri, anakukabidhi mizani yake. Kwa dakika zile wewe ndiye macho yake. Ukiwa na faida upande mmoja, una njia mbili za haki: mwambie faida yako, au mwambie akatafute mtu mwingine. Njia ya tatu, ya kushauri kwa upole huku umekaa juu ya siri yako, ni kopo lililobonyezwa, hata kama kila harage ndani yake ni zima.

Na mchungaji? Methali yake ni nzuri kwa mtu aliyepanda muhogo. Muhogo ukiungojea unakua. Lakini sisi humu tunawajua watu waliosubiri miaka kumi na tano, ishirini, kwenye ubao wa matangazo wanaangalia jina, na heri haijavutwa. Kumwambia mtu wa kambini "subiri" ni kama kumwambia samaki "logea maji". Tunajua kusubiri. Tunachotaka kujua ni namna ya kusubiri bila kuharibika. Tena sipendi kumwambia kijana kwamba Mungu ameandika nafasi yake mahali, juu siku ikipita bila nafasi, atadhani aliyefutwa ni yeye.

Jambo lililonisaidia kufikiri zaidi halikutoka kwenye vitabu. Lilitoka kwenye mjigo tena.

Mwezi wa tatu uleule wa 2023 serikali ilikuwa imetoa agizo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini na vijijini warudi Dzaleka. Wengine walirudi wenyewe. Kuanzia mwezi wa tano wengine wakaletwa na malori. Watu waliokuwa na maduka na watoto shuleni Lilongwe walishushwa na magodoro yao. Kambi hii ilifunguliwa 1994, ikipangiwa watu kama 10,000 au 12,000, na wakati malori yanaingia tulikuwa tumeshapita 50,000. Kituoni kwetu tuliacha masomo ya jioni kwa muda, tukawa tunagawa mikeka na kuandika majina ya watoto.

Na foleni ya maji ikabadilika. Ndoo kumi na nne zikawa arobaini. Asubuhi moja kisima kikaanza kutoa matope kabla zamu yangu haijafika, na nikasikia mama mmoja, mama mzuri kabisa, mwimbaji wa kwaya, akisema kwa nguvu, "Hawa wa mjini wamekuja kutumalizia maji!" Wiki chache kabla, mama huyohuyo alikuwa anawapampia wenzake. Hakuwa amebadilika roho. Maji ndiyo yalikuwa yamepungua. Pale maji yasipotosha, foleni inageuka orodha. Aliye mbele hanisogezi tena, ananimalizia.

Ndipo nikaelewa kitu juu yangu mimi na Neema. Nilikuwa nimejilaumu kama mtu mwenye moyo mbaya, na lawama hiyo haikuwa ya bure. Lakini sehemu ya ubaya haikuwa ndani ya moyo wangu wala wake. Ilikuwa kwenye hesabu ya vitanda. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limeweka lengo kwamba ifikapo 2030, vijana wakimbizi 15 kati ya 100 wawe wanafika elimu ya juu. Yaani hata lengo likitimia lote, 85 watakuwa nje. Mahali penye hesabu kama hiyo, watu wazuri watafundishwa kuombeana mikono ichoke.

Na hesabu ya vitanda haikushuka kutoka mbinguni. Watu wa hapa wanaujua mpango wa WUSC wa Kanada, unaochukua wakimbizi kwenda vyuo vya kule, wa Dzaleka wakiwemo. Ulianza 1978. Sehemu kubwa ya pesa zake inatoka kwa wanafunzi wa Kanada wenyewe, wanaokubali kuongeza dola chache kwenye ada yao ili mtu wasiyemjua akae darasani nao. Hiyo si foleni wala orodha. Ni watu wameamua kuchimba kisima kingine. Nafasi inayopatikana hivyo haikuhitaji mtu yeyote akatae.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo lina sehemu mbili, na siamini moja inatosha bila nyingine. Kwa mtu aliye karibu nawe, deni lako ni kusema wazi mahali uliposimama. Hautakiwi kufurahi kwa nguvu. Hautakiwi kujifanya hauna njaa. Unatakiwa tu usimpimie mwenzako kabla hajajua kopo ni la nani. Na kwa orodha yenyewe, deni lako ni kukataa kuamini kwamba adui ni aliye mbele yako. Yeye na wewe mmewekwa hivyo na uchache wa maji.

Kama wewe unayesoma uko kwenye orodha ya chuo sasa hivi, nina maneno machache ya kazi, si ya falsafa. Waambie watu. Siri ndiyo iliyonioza mimi, si jibu la chuo. Andikia chuo barua moja fupi, useme bado unakitaka na nini kipya umefanya tangu uombe, kisha acha. Barua kumi hazitaongeza kitanda. Fungua barua pepe mara moja kwa siku. Na lolote lililo karibu yako lenye tarehe ya mwisho, jiandikishe, hata kama linaonekana dogo. Mimi nilipoteza mwaka mzima wa masomo kwa kuogopa kwamba nikikubali la hapa, la kule litasikia wivu.

Orodha yangu ilifungwa mwanzo wa mwezi wa saba. Barua ilikuwa na aya mbili. Nililia nyuma ya choo, labda dakika kumi, kisha nikaenda kituoni juu ilikuwa zamu yangu. Neema aliondoka mwezi wa nane. Siku ya kuondoka aliniita yaya tena, na hakusema lolote la zaidi. Mwaka uliofuata nilijiandikisha masomo ya mtandaoni, na nayaendeleza. Mama yake namsindikiza zahanati kila mwezi, namtafsiria. Watu wanadhani nalipa kosa. Labda mwanzoni ilikuwa hivyo. Sasa tunazoeana tu. Ananicheka Kichewa changu, na yeye hajui hata neno.

Mwaka huu kuna kijana kituoni kwetu amewekwa kwenye orodha ya kungoja. Alinifuata baada ya masomo, akaangalia kama kuna mtu anasikia, akauliza, "Yaya, kati yetu nani amepata?" Ninamjua aliyepata. Ni rafiki yake, wanakaa benchi moja. Nilitaka kumpa maneno mengi, haya yote niliyoyaandika hapa. Nikamwambia amuulize rafiki yake mwenyewe, lakini kabla ya kuuliza, aanze kwa kusema jina lake yeye liko wapi.

Hakujibu. Alichukua begi lake, akatoka, na kupitia dirishani nilimwona anasimama kwanza pale nje, kisha akaelekea upande wa nyumba ya rafiki yake.